Clotilde ni Yupi

Ravis Guidroz alirudi kutoka kwenye mtambo wa mafuta mchana wa Alhamisi Kuu, begi begani, masikio bado yanavuma kwa kelele za mashine, akitamani vitu viwili tu duniani: kahawa nyeusi ya nyumbani kwa mama yake na kitanda kisichotikiswa na mawimbi. Hakupata hata kimoja. Kabla hajafunga mlango wa pikapu, alimwona mdogo wake Norris na Earline, mke wa Norris, wamesimama nyuma ya banda, vichwa wameviinamisha juu ya mabeseni mawili makubwa ya bati, kimya kama watu walioitwa kutambua maiti.

Norris hakumpa hata salamu. "Kaka, afadhali umefika," alisema. "Hebu tuambie. Clotilde ni yupi?"

Ravis akachungulia beseni la kushoto. Mlikuwa na kobe. Akachungulia la kulia. Mlikuwa na kobe. Wote wawili walikuwa na upana wa sinia, wote rangi ya matope, wote na mkia wenye meno ya msumeno, na wote wawili walimtazama kwa vijicho vile vidogo visivyojua shukrani. Akarudi kwa wa kushoto, akaenda tena kwa wa kulia, kisha akamtazama Norris, akitumaini kwamba huu ni utani wa kumpokea msafiri. Norris alikuwa na kisu kiunoni na uso wa mtu aliyepoteza funguo za kanisa.

Clotilde alikuwa kobe wa mama yao, Mama Elda. Tuelewane hapa: si yule kobe mpole wa kula majani, anayebebwa na watoto na kupigwa picha. Huyu ni kobe wa kinamasi, mng'ataji. Shingo yake hulala ndani ya gamba kana kwamba haipo, kisha huchomoka ghafla ikafika hadi mgongoni, na mtu asiyelijua hilo hurudi nyumbani na vidole pungufu. Humpakati, humfundishi lolote. Ukitaka kumwinua unamshika nyuma ya gamba, kamwe si mkia, maana mkia umeungana na uti wake na unaweza kumlemaza. Mama Elda alimlea tangu akiwa mdogo kama kifungo cha koti. Alimlisha minyoo kwa kibanio cha nyusi, halafu vipande vya kamba wadogo, halafu shingo za kuku. Alimbadilishia maji, akamsugua gamba kwa brashi kila Jumamosi. Watu wa Bayu Colette, kijiji chao cha kando ya kijito cha kinamasi, walikuwa wakisema kwamba mwanamke yule ana watoto wawili na kobe mmoja, na anayekula vizuri ni kobe.

Sasa Mama Elda alikuwa ameanza kupotea. Njia alizijua bado. Alikuwa anapotea ndani ya kichwa chake mwenyewe. Jiko aliliacha likiwaka. Alikwenda kanisani na viatu vya marehemu mumewe. Ravis, kifungua mimba wake, sasa mama alimwita Oneal, jina la shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekwisha kuzikwa zamani. Lakini jina moja halikuwahi kumponyoka. Kila asubuhi, na kila alipoamka usingizi wa mchana, alishuka ngazi na mwiko wa mbao mkononi, akagonga ukingo wa beseni, akaita "Clotilde", na kichwa cha kobe kikaibuka juu ya maji. Hapo uso wake ulitulia, akawa tena mtu mwenye nyumba yake na siku yake. Ravis aliishi kwa ajili ya uso ule. Kule baharini, akila chakula cha makopo na kulala kitanda cha chini, juu yake mtu anakoroma, alijiambia kwamba maadamu Clotilde yupo, mama yupo. Na mmoja wa kobe hawa wawili alikuwa achinjwe jioni ile ile.

Kisa chenyewe, kama Norris alivyokieleza huku akijikuna kichwa, kilianza kwa nia njema, kama visa vingi vya kipumbavu. Bayu Colette, Ijumaa Kuu bila mchuzi wa kobe si Ijumaa Kuu. Nyama ni mwiko siku hiyo, lakini kobe hutoka majini, na kinachotoka majini hata padri hukiongeza sahani ya pili. Norris alikuwa amemtoa kobe wake mtegoni mwanzoni mwa juma. Sasa, kobe wa kinamasi hapikwi siku aliyovuliwa. Huwekwa kwenye maji safi siku kadhaa, yanabadilishwa na kubadilishwa, hadi matope yote yamtoke tumboni, la sivyo utakula mchuzi wenye ladha ya mtaro. Beseni la Norris lilikuwa limetoboka kwa kutu. Akakumbuka kwamba kwa mama kuna mpira wa maji na beseni la pili, pacha wa lile la Clotilde. Akamleta kobe wa chungu, akamweka kando ya kobe wa mapenzi, akamfunikia gunia mama asimwone, akaona amerahisisha maisha.

Mvua ya Jumatano ndiyo iliyomwonyesha. Ilinyesha mpaka mabeseni yakafurika, na wale wawili wakaelea hadi ukingoni, wakajitupa nje, wakaenda zao. Asubuhi Norris alimkuta mmoja chini ya nyumba, kwenye matope kati ya nguzo, na mwingine kwenye mtaro wa barabarani. Akawarudisha upesi kabla mama hajaamka, yeyote kwenye beseni lolote. Yupi ni yupi hakujua, na wala hakujua kwamba hajui, mpaka alipokwisha kunoa kisu.

"Mimi nilimwambia amtie alama," Earline alisema, "tangu siku ya kwanza. Hata rangi ya kucha ningempa."

"Uliniambia Jumatano jioni, mvua inanyesha."

"Basi si nilikuambia?"

Ravis akaweka begi chini, akapandisha mikono ya shati, akasema mambo haya hayahitaji kelele, yanahitaji macho. Clotilde alisuguliwa gamba kila Jumamosi. Wa kinamasi atakuwa na ukoga mgongoni. Watazame tu mgongo. Alisema hivyo kwa sauti ya msimamizi wa zamu, na kwa kitambo kidogo alijisikia vizuri.

Norris akatazama kando. Ikabainika kwamba siku ile ya kwanza, kwa usafi wake ambao hauonyeshi popote pengine maishani, alikuwa amemsugua kobe wa chungu kwa brashi ya mama mpaka ukoga wote ukatoka. Hakutaka mchanga kwenye mchuzi.

Ravis akasema haidhuru, kuna tundu. Huku, mtu akiwa na kobe na akataka kumwacha ajitembeze nyasini, humtoboa tundu dogo kwa kekee kwenye ukingo wa nyuma wa gamba, akapitisha waya, akamfunga mahali. Clotilde alikuwa na tundu lake tangu siku nyingi. Ravis akainua wa kushoto kwa uangalifu, akapitisha kidole nyuma ya gamba, akalikuta tundu, kuukuu, kingo zake zimelainika. Moyo ukampoa. Kwa ajili ya kuhakikisha tu akainua na wa kulia. Naye alikuwa na tundu, kuukuu, kingo zimelainika.

"Umemtoboa huyu?" akamuuliza Norris.

"Sijagusa kekee mwaka mzima. Kaja na tundu lake kutoka mtegoni. Nilifikiri ni bahati, nikamfunga."

Basi alikuwa kobe wa mtu, aliyefugwa na kutoroka. Bayu nzima inatoboa kobe. Nusu ya kobe wa kinamasi kile huenda waliwahi kuwa na majina. Ravis alisimama pale mikono ikichuruzika maji, akahisi jambo ambalo asubuhi hakulijua kabisa likimkaa kifuani. Aliogopa.

Wakajaribu mwiko mwingine wa jikoni. Earline akagonga ukingo wa kushoto, kichwa kikatoka. Akagonga wa kulia, kichwa kikatoka. Kobe mwenye njaa hutoa kichwa hata ukigonga jeneza. Wakajaribu shingo ya kuku iliyofungwa kwa uzi kwenye mwiko. Wa kushoto akaichukua kwa pigo moja, na wa kulia akaichukua pamoja na uzi na kipande cha mwiko. Earline akapata wazo kwamba labda ni sauti. Akasafisha koo, akaita "Clotilde" kwa sauti nyembamba ya mama mkwe wake, akiiga hadi ule mtetemo wa uzee, na wote wawili wakazama mpaka chini wakakataa kuonekana. Norris akacheka, akatazamwa, akaacha.

Akatokea Mzee Hulin, jirani, ambaye hakuitwa. Alikuwa amewahi kufuga kobe wengi na kupoteza vidole viwili kwa nyakati tofauti, jambo alilolihesabu kama shahada. Akawasukuma kando, akamtazama wa kushoto, akatangaza kwamba mambo ni wazi kama jua: huyu ni wa lile kabila kubwa, lenye matuta matatu mgongoni na mdomo wa mwewe, linaloachama chini ya maji na kuchezesha ulimi kama mnyoo mpaka samaki wajilete wenyewe. Clotilde ni wa kabila la kawaida, mgongo bapa. Kwa hiyo Clotilde ni wa kulia, na maneno yamekwisha. Akampitishia wa kushoto kidole mgongoni kuwaonyesha: tuta la kwanza, tuta la pili.

Earline akachota maji kwa kopo, akammwagia kobe mgongoni. Matuta yakayeyuka, yakaondoka na maji.

"Yalikuwa matope, Mzee Hulin," Ravis alisema.

Mzee hakutikisika. Akauliza kama Clotilde ni jike au dume, maana hilo nalo linasaidia. Hakuna aliyewahi kujua; mama alimpa jina la kike akiwa mdogo kama kifungo na hakuna aliyethubutu kuhakikisha baadaye. Basi hata jina lenyewe ni la kubahatisha, Mzee Hulin akasema, akaondoka ameridhika, kama wanavyoridhika watu waliokuja kuongeza moto.

Wakabaki watatu na kobe wawili. Ndani ya nyumba mama alikuwa bado amelala. Norris akasema kwa upole, na upole wa Norris ndio wa kuogopwa, kwamba unga wa kuanzishia mchuzi umeshaanza kukaangwa jikoni, vitunguu vimekatwa, binamu wote wanakuja kesho baada ya ibada; warushe sarafu tu. Ravis akamwambia arushe kichwa chake.

"Kaka, nisamehe kwa hili," Norris alisema. "Mama hakujui hata wewe. Kobe atamjuaje?"

Earline akamkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Ravis hakukasirika. Lilimuuma hivi kwamba hasira haikupata nafasi.

"Ndiyo maana," akajibu.

Akachuchumaa kati ya mabeseni, eti anachunguza. Ukweli ni kwamba hakuwa na la kuchunguza, na sababu aliijua yeye peke yake. Hakuwahi kumtazama kobe yule sawasawa. Kwa miaka yote hiyo alimlisha akiwa likizo, akambadilishia maji, akapita, bila kumkazia macho hata siku moja, kwa kuwa alijua siye.

Ilikuwa baada ya kile kimbunga kikubwa. Waliporudi nyumbani walikuta matope yamejaa jikoni hadi kiunoni, mashua ya baba imekwenda, na beseni la Clotilde liko juu ya paa la jirani. Clotilde hakuwepo. Asubuhi ya pili mama akaja kutoka upande wa tuta la mto, gauni limelowa hadi mapajani, amebeba kobe kwa nyuma ya gamba, akisema, "Nimempata." Watu waliokuwa wanakokota magodoro wakaacha wakashangilia, maana katika juma lile lilikuwa jambo pekee lililorudi. Jioni baba yao, Dudley, akamvuta Ravis nyuma ya banda hili hili.

"Huyu siye," baba alisema. "Clotilde alikuwa na ukucha uliopinda, mguu wa nyuma wa kushoto. Huyu kucha zake zimenyooka zote. Lakini mama yako amelia vya kutosha kwa kimbunga kimoja. Usimwambie."

Ravis hakumwambia. Baba akaishi miaka mingine mingi akimwita kobe yule Clotilde mbele ya watu bila kupepesa, kisha akafa na siri yake, ikabaki kwa Ravis. Na mtu akijua kwamba sura fulani ni ya tapeli, ana haja gani ya kuikariri? Sasa alizitazama kucha za wa kushoto na za wa kulia. Zote zilikuwa zimenyooka. Kama angekuwa na mtu wa kumcheka pale, angemruhusu acheke.

Hakujua hata anatafuta nini. Clotilde wa kweli hayupo tangu kimbunga. Anayetafutwa ni yule wa uongo, na wa uongo ndiye ambaye mama anamjua, au anadhani anamjua, kama bado anajua kitu. Angemwambia Norris awaache wote wawili waishi. Sawa, lakini kesho asubuhi nani awe kwenye beseni la mama? Na mama akiita, uso wake usipotulia, itakuwa ni kwa sababu kobe siye, au kwa sababu mama mwenyewe hayupo tena? Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka. Watu husema kobe akiinama anatunga sheria. Hawa wawili walikuwa wameinama mno, na hakuna sheria iliyotoka.

Mlango wa wavu ukalia. Mama Elda alikuwa kwenye baraza, nywele zimelala upande mmoja kwa usingizi, viatu vya Dudley miguuni, mwiko wake wa mbao mkononi. Akaanza kushuka ngazi, mkono kwenye ukuta, bila haraka.

Ravis akawaashiria Norris na Earline kwa macho waondoke, nao wakaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Yeye akasimama mbele ya beseni la kulia, mtu mzima na tumbo lake, akijaribu kulificha kwa miguu.

"Sogea, Oneal," mama alisema. "Unaniziba."

Akasogea. Angefanya nini?

Mama akagonga ukingo wa kushoto. "Clotilde." Kichwa kikaibuka. Akamtazama yule kobe, kisha macho yakavutwa pembeni na bati la beseni la pili. Akaenda hapo taratibu, akagonga. "Clotilde." Kichwa kikaibuka. Mama akasimama kati ya mabeseni mawili na mwiko umening'inia mkononi, na uso wake haukutulia. Ulikunjamana, ukatafuta, ukawa uso wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alifuata nini. Ravis alikuwa ameuona uso huo mara nyingi mwaka ule, lakini hapa mbele ya kobe hakuwahi kuuona hata mara moja.

"Wamekuwa wawili," mama alisema.

"Ndiyo."

"Yupi wangu?"

Angeweza kuonyesha kidole popote. Wazo la kudanganya lilimjia likiwa tayari limevaa nguo, maana katika nyumba hii uongo wa kobe ulikuwa na mazoea. Lakini alikuwa amechoka, na mama alikuwa anamtazama.

"Sijui," akasema. "Naapa sijui."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, cha zamani, ambacho Ravis alikuwa amekisahau. Akageuza ndoo tupu, akaiketia, akapigapiga nyasi kando ya goti lake kumwita.

"Kaa hapa nikuambie kitu, Oneal. Wewe tangu zamani una kifua. Clotilde alikufa."

Ravis akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa.

"Kwenye kimbunga," mama aliendelea. Maneno yalimtoka yamepangika, hayakupapasa. "Maji yalipotoka nilimkuta chini ya nyumba, amebanwa na ubao. Nikamzika pale chini ya mtini, alfajiri, Dudley hajaamka. Kwa sababu Dudley alikuwa analia, Oneal. Mwanaume yule hakulilia nyumba, hakulilia mashua, analilia kobe. Anajificha bandani eti ananoa msumeno. Msumeno gani, na vyote vimekwenda na maji?"

Akatikisa kichwa, akitabasamu kwa ajili ya mumewe.

"Nikasema, basi. Nikaenda kwenye tuta. Kobe walikuwa wametapakaa kule, wamepotea kama sisi. Nikaokota mmoja wa kimo kile kile, nikamtoboa tundu kule kule kwa kekee yake mwenyewe Dudley niliyoiokota matopeni, nikamletea. Nikamwambia nimempata. Ungemwona alivyofurahi."

Ravis alimwona. Alimwona baba yake akifurahi mbele ya watu, na jioni ile ile akamwona nyuma ya banda, akisema mama yako amelia vya kutosha. Akageuza jambo lile upande huu na upande ule. Kila mmoja wao alikuwa amembeba mwenzake kwa uongo ule ule, miaka yote ile, wakipishana kwenye beseni hili na shingo za kuku mikononi, kila mmoja akidhani yeye peke yake ndiye anayejua. Hakuelewa kama acheke au apige kelele.

"Na wewe?" akauliza hatimaye. "Ulijua siye. Ungewezaje kumwita kila siku?"

Mama akamwona mjinga. "Nilimwita, akaja. Nikamlisha, akala. Ningemwita nani mwingine?"

Akaokota shingo ya kuku kwenye sahani iliyoachwa na Earline, akamdondoshea wa kushoto, na maji yakaruka. Akaokota nyingine, akamdondoshea wa kulia. "Huyu Clotilde," alisema, akielekeza mwiko. "Na huyu Clotilde." Kisha akakaa akiwatazama wakitafuna, na uso wake, bila haraka, ukatulia.

Norris akatoa kichwa kwenye dirisha la jikoni, akauliza kama wameamua, maana unga unaanza kuwa mweusi.

"Weka mayai," Ravis alimwambia.

"Mayai? Kwenye mchuzi wa Ijumaa Kuu? Watatucheka mpaka Pasaka ya mwakani."

"Wacha wacheke. Na kesho ukitoka kanisani uninunulie beseni jipya, hilo lako la kutu tupa."

Dirisha likafungwa kwa nguvu. Ravis alibaki amekaa kwenye nyasi, suruali imelowa, akijaribu kuamua jambo moja la mwisho. Angeweza kumwambia mama: Baba alijua. Tangu jioni ya kwanza alijua, kwa ukucha tu, na alinyamaza kwa ajili yako. Huenda ingemfurahisha. Huenda ingemvunja moyo, kwamba uongo wake mzuri kuliko wote haukuwa umemdanganya mtu. Huenda asingejua hata ni habari ya nani. Akafungua kinywa bila kujua kitatoka nini.

Mama akamwahi. Alimshika kifundo cha mkono, vidole vyake vikiwa bado na harufu ya kuku, akamkazia macho kwa wasiwasi wa ghafla, akatupa jicho kuelekea banda, kana kwamba mtu alikuwa mle ndani ananoa msumeno.

"Oneal," alisema kwa sauti ya chini. "Usimwambie Dudley."

Ravis akaufunika mkono wa mama kwa wake.

"Simwambii, shemeji," akasema.